Sekunde Arobaini za Kelele

Kazini walimwita Sikio, na hawakumwita hivyo kwa utani mtupu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja: kuvaa visikilizio, kusikiliza kila wimbo unaotaka kupigwa redioni, na kuupiga chapa neno kwa neno ili wakubwa watatu wa kamati ya kukagua nyimbo wausome. Ndiyo, wausome. Usishangae. Wale wakubwa hawakuwahi kusikiliza wimbo hata mmoja. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu mwenye miwani jozi mbili, moja ya kusomea na moja ya kukunjia uso, alisema ngoma za vijana zinampandisha presha. Basi nchi nzima ikawa inasikia kile tu ambacho mama mmoja mwembamba amekiandika kwenye karatasi. Vituo vya redio navyo viliifuata karatasi hiyo mstari kwa mstari, maana aliyethubutu kuikiuka alifungiwa.

Sasa, ajabu ya Mungu ni kwamba kazi hiyo ilimwangukia mtu ambaye hakufaa kabisa kuifanya. Sikio alizaliwa hana kinga. Sahani ikianguka jikoni, yeye machozi. Harusini alikaa nyuma kabisa, karibu na vyoo, ili spika zisimpige kifuani. Wimbo wa mapenzi ulimharibia siku. Wimbo wa msiba ulimharibia juma zima. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu mwanangu masikio yake hayana mlango." Lakini hapakuwa na mwingine aliyesikia kama yeye. Mwimbaji akimeza mate, Sikio ameandika. Mpiga gitaa akikohoa, Sikio ameandika, na sekunde yenyewe kaiweka. Kila mtu na riziki yake, ila riziki nyingine, jamani, hukutafuna wewe kabla hujaitafuna.

Na tangu kiwanda cha magodoro kiungue, masikio yake yalizidi kuwa mepesi. Akisikia geti la chuma linafungwa, mwili unamsisimka.

Kiwanda kiliungua mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia. Tangazo rasmi lilisema wamekufa watu kumi na moja. Tangazo hilo hilo likasema aliyesababisha moto ni fundi umeme wa kiwanda, aliyechezea nyaya, akaona moto, akatimua mbio. Fundi umeme huyo alikuwa mdogo wake Sikio, tumbo moja, amembeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Nyumbani walimwita Waya kwa wembamba wake, hata kabla hajashika bisibisi. Maiti yake haikuonekana. Lakini kule ghalani sponji iliwaka mpaka nondo zikapinda. Mtu ungemtafuta umpate wapi? Wakubwa hawakutaka kusumbuka na swali hilo. Haonekani, basi amekimbia. Kesi imekwisha.

Mama yao aliikubali hadithi hiyo, na hapo ndipo palipomuuma Sikio usiku na mchana. "Mwanangu amejificha," bibi huyo alisema. "Mambo yakipoa atarudi." Alikubali mwana mwenye doa, mradi yu hai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani amlaumu? Lakini Sikio alimjua mdogo wake. Waya alikuwa mwoga wa kuku, mwoga wa sindano, mwoga wa kuoa, lakini si mtu wa kuacha watu kwenye moto. Sikio alitaka kitu kimoja tu duniani: ushahidi kwamba Waya hakukimbia.

Aliutaka kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya jirani pia. Mlango wa pili aliishi Mama Pacha, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Zamani wanawake hawa watatu walikuwa wakiazimana chumvi, wakisukana nywele, wakisengenya watu kibarazani mpaka chai inapoa. Baada ya lile tangazo, Mama Pacha hakutukana hata siku moja. Afadhali angetukana. Alikuwa akiwaona wanapita, anafunga dirisha taratibu, basi.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, mezani kwa Sikio ikaletwa bahasha kutoka kituo cha redio. Ndani mlikuwa na flashi na fomu. Jina la wimbo: Viatu. Aina: hip hop. Mwimbaji: hajajitaja, aliacha mzigo mapokezi. Sikio akanywa maji, akavaa visikilizio, akaweka vidole juu ya vitufe.

Wimbo haukuanza na ngoma. Ulianza na mtu anavua kandambili, akiziburuza kidogo sakafuni. Halafu mwingine. Halafu wengine wengi, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaoingia kazini na usingizi bado machoni. Sikio alijua papo hapo. Pale kiwandani kila mfanyakazi aliacha viatu nje ya mlango wa ghala, sponji isichafuke. Waya alikuwa akilalamika kila siku kwamba anavaliwa zake.

Kisha ngoma ikaingia. Nyinyi wenye masikio ya kawaida mngesema mdundo mzuri, mngetikisa vichwa. Kwake yeye ule mdundo ulikuja kupitia kiti. Ulimpanda mgongoni, ukamkaa kooni, na kila ulipopiga meno yake ya nyuma yaligusana. Sauti ya kijana ilikuwa kavu, haina hasira ya kujionyesha. Na hilo ndilo lililotisha.

*Mlango una kufuli, kufuli lina mwenyewe,*
*mwenyewe ana mlinzi, sisi tuna nini, tuambiwe?*
*Waliingia asubuhi, kandambili wakaacha nje,*
*jioni kandambili zipo, wenye miguu waje!*

Vidole vyake viliandika. Machozi yalikuwa yanashuka, lakini hayo alishayazoea. Alikuwa na kitambaa maalumu mapajani kwa kazi hiyo. Karani wa meza ya pili alimtupia jicho akacheka, "Sikio, leo tena? Nani kaachwa na mchumba?" Ubeti wa pili ukaja, na ukaja karibu zaidi, kama mtu anayesogeza kiti akuambie jambo usoni.

*Mmehesabu kumi na moja, mkafunga daftari,*
*mimi nimehesabu kwa viatu, nikavipanga mstari:*
*jozi ishirini na sita. Hebu nijibuni swali,*
*hawa kumi na tano walitembea peku mpaka mbali?*

Hapo Sikio alishika ukingo wa meza. Alihisi aibu, kwa nini hakujua, na alihisi furaha fulani mbaya, kwa sababu kuna mtu hatimaye amesema. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja, na ngoma ikaendelea kuvigonga ndani yake kama vile haina habari. Alitamani ikome. Ikakoma.

Badala ya ngoma ikaja sauti iliyorekodiwa kwa simu, na mtu aliyekuwa nje. Upepo. Moto unatafuna. Watu wanagonga mlango wa bati kwa viganja. Na ndani, nyuma ya bati, sauti ya mwanamume: "Jamaniii, fungueni! Umeme nimeshauzima! Moto unatoka stoo, hautoki kwenye nyaya! Akina mama, njooni huku chini, lala chini, lala chini! Jamaniii!"

Ile "jamaniii" ya kuburuza. Tangu akiwa mtoto anaomba ugali uliobaki aliisema hivyo hivyo. Akakohoa, akamwambia mtu fulani "shika mkono wangu," akakohoa tena. Sekunde arobaini. Halafu ngoma ikarudi na ubeti wa tatu, vidole vikauandika vyenyewe mpaka wimbo ukaisha.

Sikio alivua visikilizio akavitupa. Alikimbilia chooni, akatapika maji aliyokunywa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono masikioni, kana kwamba sauti ilikuwa inatoka nje. Lakini ilikuwa ndani. Waya hakukimbia. Waya alizima umeme, akabaki na wenzake. Mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu. Alilisema hilo mpaka likaisha ladha.

Aliporudi mezani alikuwa na jambo la kuamua, na alilijua vizuri. Beti zenyewe hazikutaja moto wala kiwanda. Lakini akiandika maneno yale kama yalivyo, Mwenyekiti atasoma "moto unatoka stoo", atajua ni kiwanda gani, na wimbo utazikwa kabla ya chakula cha mchana. Asipoandika kitu, sekunde arobaini tupu zitaulizwa. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika uongo. Kanuni ilimtaka asikilize mara tatu ndipo atie sahihi. Alivaa visikilizio, akapeleka kidole kwenye kitufe, na kidole kikakataa. Akajaribu tena. Hakuweza, na mimi simlaumu. Nani angeweza kumsikia mdogo wake anakufa mara tatu kwa sababu ya kanuni?

Akaandika: *Dakika ya pili na sekunde kumi hadi dakika ya pili na sekunde hamsini: kelele.* Akatia sahihi. Akajiona mjanja, maskini.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mwenyekiti alivaa miwani ya kusomea, akapitisha kidole kwenye fomu yake. Matusi, hakuna. Jina la mtu, hakuna. Jina la kampuni, hakuna. Sikio alisimama pembeni ya mlango, kama kawaida yake, kwa ajili ya maswali.

"Huu ni wimbo wa viatu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Viatu."

"Haya. Vijana wameishiwa mpaka wanaimba kandambili. Kesho utasikia wanaimba soksi." Wenzake wawili wakacheka, maana mkubwa akichekesha hucheki kwa hiari. Halafu kidole chake kikasimama. "Hapa umeandika kelele. Kelele gani?"

Moyo wa Sikio ulipiga mpaka akaogopa watausikia. "Mabati mabati, mzee. Wanagonga."

"Ngoma zao hizo," Mwenyekiti akasema, akaubamiza muhuri. INAFAA. Ijumaa, saa kumi alasiri, kipindi cha vijana.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa mguu ili apate muda wa kupanga maneno. Hayakupangika. Alimkuta mama anachambua mchele kwenye ungo, akakaa chini mbele yake, akausogeza ungo pembeni.

"Mama, Waya hakukimbia."

"Mimi sijawahi kusema amekimbia. Nimesema amejificha."

"Hakujificha, mama. Alikuwa ndani. Nimemsikia." Akamweleza yote: bati, moshi, umeme uliozimwa, akina mama walioambiwa walale chini. Alipofika kwenye "shika mkono wangu" sauti yake ikakatika, akamalizia kwa kichwa tu.

Mama hakulia. Aliuvuta ungo, akaokota chuya moja, akaitupa. Mtu aliyeishi mwaka na miezi miwili kwa tumaini hawezi kulitua ghafla kwa sababu umemwambia tua. Mwishowe akasema, "Wewe tangu utotoni unasikia vitu."

"Hiki si vitu, mama. Ni Waya. Ile jamani yake."

"Na mimi nitaisikia?"

"Kesho saa kumi. Kwenye redio. Nchi nzima itaisikia."

"Basi nitamsikia kwa masikio yangu," mama akasema. "Nikimsikia, nitatandika mkeka, nitamlilia mwanangu kama watu wengine wanavyowalilia wanao. Nikimsikia." Usiku ule hakula. Sikio alimsikia anageuka kitandani mpaka asubuhi, akajiuliza kama ana haki ya kumuua Waya mbele ya mama yake. Akajijibu kwamba ukweli ni ukweli, na jina jema hung'ara gizani. Maneno mazuri hayo, ila kitandani hayapozi kitu.

Ijumaa aliomba ruhusa mapema. Akafanya jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima: akagonga kwa Mama Pacha. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Shoga, naomba uje kwetu saa kumi," Sikio akasema. "Kuna wimbo redioni. Sauti ya mdogo wangu imo, kutoka siku ile. Ukishaisikia, ukitaka kufunga dirisha, funga. Lakini isikie kwanza."

Mama Pacha alimtazama kutoka miguuni hadi usoni. "Hakukimbia?"

"Hakukimbia."

Mdomo wa yule mwanamke ukacheza. "Kama hakukimbia," akasema polepole, "basi mume wangu hakuachwa peke yake."

Alikuja. Alivaa khanga safi kama anayekwenda kutoa mkono wa pole, akakaa kwenye kochi lile lile alilokuwa akikaa zamani. Mama aliketi karibu na redio, amefunga kitambaa kichwani, viganja juu ya magoti. Sikio alisimama. Hakuweza kukaa, na hakuwa na uhakika kama masikio yake yatahimili, lakini alisema moyoni, leo yahimili au yapasuke.

Mtangazaji alipiga domo lake, akataja jina la wimbo. Kandambili zikaburuzwa. Mama Pacha akashika kifua. Aliutambua mlio ule, alikuwa akimpelekea mumewe chakula pale mlangoni. Ngoma ikaingia, chumba kikajaa. Kikombe juu ya kabati kikaanza kutetemeka. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. *Jozi ishirini na sita.* "Ee Mungu wangu," Mama Pacha akanong'ona, "ishirini na sita?" Mama hakupepesa macho. Sikio akainama, akamshika mama bega. "Sasa," akamwambia. "Sasa hivi."

Ngoma haikukoma. Ilipiga mara nne tu, na ubeti wa tatu ukaanza.

Sikio alidhani amehesabu vibaya. Akasubiri. Ubeti wa tatu ukaenda, kiitikio kikapita, wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema ngoma kali hiyo, wasikilizaji, na sasa tuagane na salamu zenu.

Alitoka uani na simu, akampigia fundi mitambo wa kituo. "Kile kipande cha katikati kiko wapi?"

"Kipande kipi, dada? Kile cha kelele? Tumekikata. Karatasi yako imesema kelele, na kelele hatupigi. Si wewe mwenyewe uliyetuletea waraka ule wa kukata kelele zote? Na umetugombeza sana kwa hilo."

"Kirudishe. Nipe mimi nakala."

"Nakala gani tena? Kilichokatwa tunakifuta siku ile ile, na flashi vilevile. Waraka wako, dada. Kwani kulikuwa na nini?"

Ni kweli, waraka ulikuwa wake, na Jumanne haukumjia akilini. Aliuandika yeye, miaka mingi nyuma, kwa sababu kelele zilikuwa zinamuumiza.

Aliporudi ndani Mama Pacha alikuwa ameshasimama, anajifunga khanga upya. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. "Nilikuja kusikia," akasema. "Nimesikia." Akatoka, na baada ya kitambo kidogo dirisha la mlango wa pili likafungwa, taratibu.

"Mama," Sikio akasema, "wamekikata. Ni kosa langu, niliandika kelele. Lakini kilikuwepo, naapa kwa Mungu."

Mama alikuwa anafungua kitambaa cha kichwani. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Hayumo," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. "Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mwanangu hayumo. Basi yu hai."

"Mama, alisema hivi. Sikiliza." Sikio akapiga magoti, akafumba macho, akayatoa kama alivyoyasikia, na pumzi zake, na kikohozi chake, na ile jamani ya kuburuza. *Jamaniii, fungueni. Umeme nimeshauzima. Lala chini, lala chini. Shika mkono wangu.* Alijitahidi kuliko alivyowahi kujitahidi katika kazi yake yote, hakuacha hata pumzi moja.

Alipofumbua macho, mama alikuwa anamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa.

"Hiyo ni sauti yako, mwanangu," mama akasema, akampangusa machozi kwa kiganja. "Haya, inuka. Usimzulie mwenzio kifo."